Kumfuata Donato Napoli

Jambo la kwanza nililoligundua kwa shangazi Incoronata ni kwamba alichukia mvua. Kijijini kwetu Roccalenta watu wana ngano, wana miti ya kastani, wana mabustani ya maharage, na mvua ikichelewa padri huombwa atoe sanamu ya mtakatifu nje ya kanisa ili naye aone ardhi ilivyokauka. Shangazi Incoronata hakuwahi kufuata sanamu ile. Badala yake, kila Ijumaa basi la Napoli lilipoingia uwanjani, alikuwa amesimama kando ya chemchemi, gauni jeusi, kilemba cheusi, mikono imefichwa chini ya aproni, na mtu wa kwanza kushuka alipokewa kwa swali moja.

"Huko chini kumenyesha?"

Wakati ule nilikuwa nasoma chuo kikuu Napoli, nikirudi nyumbani mwisho wa juma na mfuko wa nguo za kufua, kwa hiyo swali lile lilinipata mara nyingi. Nikijibu kwamba kumenyesha, alikunja midomo kama mtu aliyeonja kitu kichungu, akaondoka bila kuaga. Nikisema jua limewaka juma zima, alinitilia kiganjani kastani zilizokaushwa, akanishika shavu na kusema, "Mungu akuongezee akili, mwanangu." Mwanzoni nilidhani ni mambo ya uzee.

Aliyenitoa ujinga ni Rocchina, jirani yake na somo yake tangu walipokuwa wasichana wakiokota kastani pamoja.

"Msomi mzima hata hilo hujui?" alinicheka. "Huko wanakufundisha nini? Anaulizia udongo wa Donato. Udongo ukilowa, watu hawakauki."

Donato alikuwa mtoto wake wa pekee. Sisi wa Roccalenta tunawazika watu wetu ukutani, kila mmoja na tundu lake, likishazibwa hakuna anayeligusa. Napoli si hivyo. Huko maiti hukaa ardhini kwa muda tu. Muda ukitimia, wachimbaji huifukua mbele ya jamaa. Ikiwa imebaki mifupa, wanawake wa nyumba huifuta kwa spiriti, huifunga ndani ya shuka dogo la kitani lililotariziwa jina, na kuiweka kwenye sanduku, na sanduku kwenye kijumba cha ukutani. Hapo ndipo marehemu huhesabiwa kuwa amepumzika. Ikiwa bado hajawa tayari, hufukiwa tena na jamaa hurudi nyumbani kusubiri. Shangazi Incoronata alikuwa anaipanga safari ya siku hiyo. Alitaka kushuka Napoli, awepo Donato akitolewa, kisha amwombe mkamwana wake amruhusu kuipandisha mifupa Roccalenta, iwekwe karibu na baba yake. Hakuwa na jambo lingine alilolitaka duniani, na alilisema hivyo kwa kila mtu, hata kwa mwuza samaki.

Kumwomba mkamwana ndiko kulikokuwa mlima. Mwenye neno juu ya marehemu ni mkewe, na mke wa Donato alikuwa Titina, mwanamke wa vichochoro vya karibu na bandari, aliyekaanga piza mlangoni kwake na kuziuza zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Donato alikwenda Napoli akiwa kijana, akapata kazi ya kufunga kamba za meli gatini. Jioni moja alinunua piza kwa Titina, na kwa maelezo ya mama yake, hakumaliza kuila mpaka akaoa.

Siku ya harusi shangazi aliteremka na jibini kubwa alilokuwa amelining'iniza darini mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Shangazi zake Titina walilikata vipande, wakalitumbukiza kwenye karai la mafuta. Walidhani wanamheshimu mgeni.

"Wamekaanga jibini langu!" alisema aliporudi. Aliendelea kulisema kwa miaka. "Lingekuwa na mdomo lingelia."

Naye Titina, alipopanda kwetu mara ya kwanza wakati wa Krismasi, aliuliza mbele ya watu kama ni kweli kwamba sisi hulala na kondoo kitandani ili tupate joto. Watu walicheka. Shangazi hakucheka. Tangu hapo wawili wale walisalimiana kupitia kwa Donato tu, "mwambie mama yako", "mwambie mke wako", hata wakiwa meza moja.

Krismasi ya mwisho Donato alipanda peke yake. Mama yake alikuwa amemnunulia koti sokoni Avellino, koti nene la nailoni, lisilopenyeza maji, la kuvaa gatini alfajiri pepo za baharini zinapokata uso. Alilivaa nyumbani, akazunguka nalo jikoni akiiga mwendo wa nahodha, wakacheka. Siku ya kuondoka basi lilipiga honi, akakimbia, na koti likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango.

Februari akapata nimonia. Titina alipiga simu wakati hospitali ilikuwa imeshamkatia tamaa, akapiga tena asubuhi iliyofuata, na hiyo ya pili ikawa ya msiba.

Theluji ilikuwa imefunga barabara. Hakuna gari lililoweza kuteremka, achilia mbali jeneza kupandishwa. Kwa njia ya simu ikaamuliwa azikwe huko huko. Shangazi alilitoa koti kwenye msumari, akatembea kwenye theluji hadi barabara kuu, na dereva wa lori la kusukuma theluji akampakia. Alikaa kiti cha mbele, koti mapajani.

Alifika walipokuwa wanataka kufunga jeneza.

"Mvikeni hili," alisema.

"Mama, amevaa suti yake ya harusi," Titina alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye ana kwa ana. "Tazama alivyopendeza."

"Amependeza, lakini ana baridi."

Titina alimtazama, akasogea pembeni. Wakamvika Donato koti, mama yake akaivuta zipu hadi kidevuni kama anavyofungwa mtoto wa shule.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokishuhudia kwa macho yangu ni safari ya kwanza ya kumfuata, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua Napoli na shangazi alihitaji mkono wa kushika. Alikuwa amejiandaa miezi mingi. Shuka la kitani alilifuma bibi yake. Yeye alilikata, akalianika kwenye umande liwe jeupe, akatarizi kwa uzi wa bluu: *Donato wa Roccalenta*. Alikuwa na spiriti, pamba, mkate wa nyumbani kwa ajili ya wachimbaji. Alikuwa pia na maneno yake ya kumwambia Titina, aliyoyarudia chini kwa chini ndani ya basi, midomo ikicheza kama anasali. Nilisikia kipande: "Wewe una bahari, una ndugu, una mtaa mzima. Mimi nina ukuta mmoja."

Titina alikuwa langoni mwa makaburi na shangazi zake wawili. Alikuwa amekonda. Wanawake wakabusiana mashavuni bila kugusana sana, tukaenda kusimama pale walipokuwa wanachimba.

Sitaeleza tulichokiona. Nilimgeuza shangazi mapema, hakuona vizuri, ila alisikia. Mkuu wa wachimbaji, mzee mfupi aliyeitwa Tatore, alijiinua kutoka shimoni akajifuta jasho.

"Bado," alisema. "Bado sana. Nani huyu aliyemvika nailoni?"

Shangazi zake Titina walitazamana.

"Jamani, tunawaambia kila siku! Pamba, kitani, basi. Nailoni ni sawa na kumfunga mtu ndani ya mfuko wa plastiki. Hewa haiingii, maji hayatoki. Mmemchelewesha wenyewe. Nani?"

Nilikuwa nimemshika shangazi mkono, nikahisi mwili wake wote unaniegemea. Alifungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Titina.

"Wewe?"

"Alikuwa anaona baridi."

"Na wewe mtu wa hapa hapa!" Tatore alipiga koleo chini. "Angekuwa mtu wa milimani ningesamehe, wale hawajui. Lakini wewe, mtoto wa Napoli, hujui mfu anavyovikwa?"

Shangazi zake Titina nao wakamrukia. Mmoja alisema, "Aibu gani hii, Titina!" mwingine akajipiga kifua. Titina aliinamisha kichwa akapokea yote. Hakumtazama mama mkwe wake hata mara moja. Wachimbaji walilikata koti kwa mkasi, wakalitoa, wakamfukia Donato kwa udongo mpya.

Baadaye Titina alitupeleka kwake, akawasha karai. Shangazi Incoronata, aliyewahi kuapa kwamba hatatia mdomoni kitu kilichopikwa na mwanamke yule, aliila piza yake yote na kujifuta mafuta vidoleni kwa leso. Tulipoaga, Titina alimfungia nyingine kwenye karatasi ya kula njiani.

Ndani ya basi nilimwambia, "Hukumwomba."

"Sikumwomba."

"Basi utamwomba safari ijayo."

"Sitamwomba tena." Alikuwa anatazama nje, kifurushi cha piza kinampaka mafuta gauni. "Amenibebea aibu yangu mbele ya watu. Halafu nimnyang'anye na mume? Nina uso gani?"

Alipofika nyumbani aliketi dirishani na sindano, akafumua uzi wa bluu. Aliondoa neno la kijiji, akaacha jina tupu. Mahali pa herufi zilizofumuliwa palibaki vitundu vidogo vidogo, ukiliinua mwangani unaviona. Rocchina alipoliona shuka lile waligombana kwa kelele hadi sisi tukasikia ng'ambo ya barabara.

"Umekitoa kijiji! Umerukwa na akili, somo?"

"Atakaa Napoli. Mkewe yuko Napoli."

"Na wewe unataka nini sasa? Safari ya nini tena?"

"Nikamfute. Nimfute kwa mikono yangu, basi. Nilimwosha alipozaliwa."

"Kila mtu alimwosha alipozaliwa, alikuwa mchafu kama nguruwe!" alisema Rocchina, kisha akaanza kulia, na ugomvi ukaisha.

Ilipita misimu ya kastani, mmoja baada ya mwingine. Nilimaliza masomo, nikarudi Roccalenta kufundisha shule ya msingi yenye watoto wachache kuliko madawati. Shangazi Incoronata alipungua. Jicho la kushoto liliingia ukungu, goti likawa halikunjiki, na kupanda ngazi za kanisa kukamchukua muda wa nyimbo mbili. Kila tulipoonana alizungumzia safari ile kwa namna ya mtu anayehofia kuachwa na basi. Angekaa kiti cha upande gani ili goti lisimuume? Wachimbaji wangekuwa wale wale? Ingekuwa vibaya akiomba kuushika mkono wa Donato kabla haujafungwa? Aliniuliza hilo la mwisho kwa sauti ndogo. Daktari alimwambia asisafiri. Alimjibu daktari kwamba atafika kwake akirudi.

Kumwomba Titina hakukuguswa tena. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba hamu haikuwa imemtoka. Jumapili baada ya misa bado alipita kwenye ukuta wa makaburi yetu, akasimama mbele ya tundu la mumewe Canio, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki pembeni. Halafu aliurudisha mkono chini ya aproni haraka, kama mtu aliyekamatwa akionja mchuzi kabla ya wageni.

Juma lililopita simu ililia nikiwa jikoni kwake. Kwa kuwa masikio nayo yamechoka, huiweka kwa sauti ya juu, na nusu ya mtaa husikia.

"Mama, wamesema Jumanne," ilisema sauti ya Titina.

"Nimesikia. Nitakuja."

"Unakuja na nini?"

"Na basi."

"Basi halifai. Sanduku utalipakata wapi? Watu wanasukumana, mtu ataweka kikapu chake juu."

Shangazi alinitazama. "Sanduku gani?"

"La Donato, Mama. La nani tena? Si tunampandisha, kama ulivyowaambia watu wote? Au huko mmeshabadili mawazo?"

"Titina." Alishika ukingo wa meza. "Yule ni mume wako. Una kijumba ulichomwekea, karibu na baba yako."

"Kile nimempa shangazi yangu Nunziata. Alikuwa anakitamani, amewahi hata kukipangia maua, kama vile ni nyumba ya kupanga." Kulikuwa na mlio wa mafuta nyuma yake, na mtu akiita piza mbili. "Subiri wewe, naongea na mama mkwe! Mama, sikiliza. Mimi nililala naye miaka yote ile. Alikuwa akiamka anauliza kama theluji imeanguka. Hapa Napoli! Namjibu, lala, kuna pikipiki tu. Mtu wa namna hiyo nimweke ukutani hapa afanye nini? Ila nina sharti."

"Sema."

"Siku yangu ikifika, na mimi mnipandishe."

"Huku? Wewe? Uliyesema tunalala na kondoo?"

"Nilikuwa mtoto, nilitaka kuchekesha. Mtanipandisha?"

"Huku kuna baridi, mwanangu. Huijui baridi ya huku."

"Nitakuja na koti langu."

Shangazi Incoronata aliiinamia simu.

"Lisiwe la nailoni," alisema.

Kwanza ulikuja mguno kutoka kwenye simu, halafu kicheko, na shangazi naye akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chembamba kama cha msichana. Walicheka hadi mmoja wao akaanza kulia na mwingine akafuata, na kwa muda ule mafuta ya Titina yaliunguza piza ya mtu.

"Ilikuwa ni mimi," shangazi alisema alipoweza. "Mbele ya yule mchimbaji. Ilipasa niseme mimi."

"Najua, Mama. Nilikuwepo."

Tangu siku hiyo nyumba ile haina utulivu. Shuka limetolewa tena kabatini ili jina la kijiji lirudishwe, lakini jicho la shangazi halilioni tundu la sindano, kwa hiyo Rocchina ndiye aliyetarizi, na herufi zake zinapanda kama njia ya mbuzi.

"Hii ni R au ngazi?" shangazi alimwuliza.

"Donato hakuwa msomaji mkubwa, ataielewa."

Gerardo mwashi amelifungua tundu la Canio. Amesema nafasi ipo ya sanduku, na juu yake la pili, na shangazi mwenyewe siku yake ikifika atawekwa mbele yao, awakinge na upepo. Hilo la upepo aliliongeza yeye, Gerardo alizungumzia vipimo tu. Mkwe wa Rocchina ametuazima gari lake la kusambazia mkate, na nitaliendesha mimi. Rocchina amekwishajiwekea nafasi nyuma kati ya makreti, akidai kwamba bila yeye tutapotea. Kuhusu chakula, umetumwa ujumbe Napoli kwa heshima zote kwamba jibini linakuja zima, na litakatwa kwa kisu, mezani, baridi.

Linalobaki hatulizungumzi sana. Kiangazi kimekuwa kikavu, Tatore amemwambia Titina kwamba ana matumaini, ila kwamba ardhi haijawahi kumwahidi mtu kitu. Jana Rocchina alishindwa kujizuia.

"Na kama bado, somo?"

Shangazi Incoronata alikuwa anapiga pasi shuka, akizizunguka herufi taratibu. Aliiweka pasi kando. Goti lake haliwezi kusubiri safari ya tatu, na sote watatu tunalijua hilo. Akaichukua pasi, akaendelea.

Leo ni Jumapili. Baada ya misa padri alimfuata uwanjani kumwuliza apige kengele saa ngapi Jumanne, ile ya kumpokea mtu aliyeletwa nyumbani. Shangazi alimwambia hatujui, inategemea, na kwamba asipige tu kwa sababu ameliona gari, maana gari litarudi kwa vyovyote vile. Wakapatana hivi: padri atakaa mnarani tangu mchana akitazama barabara. Tukiwa na Donato, nitawasha taa za gari kuanzia kona ya daraja, hata jua likiwa kali. Akiona taa zimezimwa, asiiguse kamba.